Ubao Mmoja Tu

Kaka yangu Tokuji si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninapoeleza habari ya mkewe na lile dirisha, watu humkunjia uso, na mimi sipendi mtu mwingine amkunjie uso kaka yangu. Kazi hiyo ni yangu. Nimeifanya tangu tungali watoto na sijamwachia mtu.

Alikuwa fundi seremala, na nyumba anayokaa ni ile aliyoijenga baba yetu, ng'ambo ya barabara, inatazamana na yangu. Kila mwaka majani yakishapukutika na figili zikishaning'inizwa upenuni, Tokuji hutoa mbao bandani na kuyaziba madirisha yote ya chini kwa nje, ubao juu ya ubao. Huku bondeni kila nyumba hufanya hivyo. Theluji ikiporomoka toka paani, au ile ya chini ikipanda na kuanza kusukuma, kioo hakina ubavu nayo. Basi tunaziba, na kuanzia Novemba mpaka Aprili chini ni giza, taa inawaka mchana kutwa. Anayetaka mwanga apande ghorofani, maana huko hatuzibi.

Wifi yangu Kinue ndiye aliyekuwa mtu wa ghorofani. Miaka yote ya ndoa yake, majira ya baridi aliyamalizia kule juu kwenye dirisha la barabarani, yeye na sindano yake na redio yake na birika lake la chai. Alijua nani kapita na nani hajapita, nani kanunua viatu vipya, mtoto wa nani kachelewa shule. Nikitoka asubuhi kuchimba njia ya mlangoni kwangu, nilikuwa nasikia dirisha linafunguliwa juu.

“Wifi! Koti la marehemu mumeo hilo? Mbona limekumeza?”

“Afadhali mimi nimemezwa na koti. Wewe umemezwa na huyo kaka yangu!”

Basi atacheka, kicheko cha kusikika barabara nzima, na ndani utamsikia Tokuji anauliza kuna nini, na hakuna wa kumjibu. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaimaliza baridi.

Mwaka ule, mwezi wa kumi na mbili, Kinue akateleza kwenye barafu akitoka kutoa figili za chumvi kwenye pipa. Nyonga ikavunjika. Alilazwa mjini, na Mwaka Mpya ulipokwisha kupita akarudishwa nyumbani akisukuma chuma cha kutembelea chenye miguu minne. Sasa, ngazi za nyumba zetu za zamani zimesimama wima, hata paka hufikiri kwanza. Kupanda haikuwezekana. Akatandikiwa godoro sebuleni, karibu na kotatsu, ile meza yetu fupi yenye moto chini na mfarishi juu, na hapo ndipo akakaa.

Mwanzoni hakulalamika. Aliniambia miguu yake haijapata joto namna ile tangu aolewe. Lakini siku moja nimeingia na bakuli la maharage, yeye akanitazama, akasema, “Asante wifi, umetuletea cha jioni.”

“Cha jioni gani? Watu ndiyo kwanza wamekunywa supu ya asubuhi.”

Akageuka kulitazama lile dirisha lililozibwa.

“Nilidhani kumeshakuchwa,” akasema. “Taa hii ni ile ile siku nzima. Sijui tena.”

Nilingoja acheke. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa, nasema kweli, kwa sababu Kinue ninayemjua mimi angeligeuza hilo kuwa mzaha kabla sijaweka bakuli chini.

Tokuji akaingia, anakung'uta theluji mabegani. Kinue hakumpa hata nafasi ya kukaa.

“Baba Chiharu, nina ombi.”

“Sema.”

“Nitolee ubao. Mmoja tu, ule wa kati, kwenye dirisha hili la barabarani. Nione watu wanaopita.”

Tokuji akavua glavu moja, kisha ya pili, akaziweka pamoja vizuri. Ndivyo alivyo akitaka kukataa.

“Ubao hautolewi katikati ya theluji, mama Chiharu. Kioo kitavunjika, utalala na theluji kitandani.”

“Ukiwa unaisogeza ile ya mbele yake, haitavunja kitu.”

“Isogezwe na nani?”

“Mlangoni si unasogeza kila siku? Na dirisha liko pembeni ya mlango.”

“Nitaangalia,” akasema. “Ngoja theluji itulie kidogo.”

Itulie! Januari! Mimi mdomo wangu haunaga kufuli, nikamtolea uvivu pale pale.

“Kaka, theluji ya Januari umeisikia wapi ikitulia? Ngoja ngoja yaumiza matumbo. Kama ni kusogeza, nitasogeza mimi. Nitakuja kila asubuhi, beleshi ninalo na mikono ninayo.”

“Ng'o!” akasema, na uso ukambadilika. “Mtu apite aone dada mtu ananisafishia dirisha? Si watasema Tokuji kaisha?”

“Watasema una dada.”

“Shige, kunywa chai yako.”

Jambo lenyewe lilikuwa hapo, si kwenye kioo. Paa lilikuwa limeanza kumshinda, ile kazi ya kupanda kukomba theluji isije ikaielemea nyumba. Zamani alilimaliza kabla ya chakula cha mchana na akashuka anapiga mluzi. Mwaka ule alikuwa anashinda juu kutwa nzima, tena anakwenda kupumzika upande wa nyuma ambako anadhani simwoni. Mbao zile zilizopangwa sawasawa, bila hata upenyo wa kupitisha wembe, ndizo zilizokuwa zikiwaambia wapita njia kwamba mwenye nyumba bado yupo. Kuondoa moja katikati ya baridi ni kama kukaa mlangoni umefunga shati kombo. Hilo nalielewa. Kulielewa hakukunizuia kukasirika, na mpaka leo hakunizuii.

Tulijaribu kumpandisha ghorofani, tusiseme hatukujaribu. Tokuji alimbeba mgongoni, tukamfunga kwa mkanda wa kimono kama anavyobebwa mtoto, na mimi nikawa nyuma nasukuma.

“Wifi, unanisukuma au unanitekenya?”

“Nasukuma! Umekuwa mzito, hospitali walikuwa wanakulisha nini?”

“Uji.”

“Uji wa mawe!”

Tulifika katikati tukiwa tunacheka. Kisha goti la kaka likaanza kutetemeka. Nililiona kwa macho yangu, lilikuwa usawa wa uso wangu. Akaacha kucheka, na sisi tukaacha. Kinue akasema kwa sauti ndogo, “Nishushe, baba Chiharu, hapa panatosha.” Tukashuka ngazi moja moja kinyumenyume, na nilipomfungua ule mkanda, Tokuji akatoka nje bila koti. Jambo hilo hatukulizungumza tena.

Lakini kama goti limekataa, si ubao ulikuwepo? Ubao haukuhitaji goti. Kila siku nilikuwa namwuliza na kila siku alikuwa na jibu. Kesho. Theluji ikipungua. Nikimaliza paa. Na kila alipopanda paani, theluji ya upande wa mbele aliitupa mbele, kwa kuwa ndiko karibu, akaisafisha ya mlangoni na kuiacha ya dirishani. Kilima kikaanza kukua pale. Kinue alikuwa anaisikia toka ndani, pu! pu!, inaanguka nje ya dirisha lake. Mimi nimekaa naye, najifanya natafuta uzi, naye anaendelea kumenya machungwa.

Akawa haombi kila siku. Kisha akawa haombi kabisa, na kaka yangu akaona mambo yametulia. Wanaume wana namna yao ya kusikia kimya.

Mwezi wa pili ulipoanza, Chiharu, binti yao wa pekee anayefanya kazi Sendai, alikuja kwa gari kumwona mama yake. Aliingia, akavua viatu, akasimama kizingitini pa sebule akimtazama mama yake chini ya ile taa. Sijui aliona nini ambacho sisi tulikuwa tumeshakizoea. Chai haijamiminwa akasema, “Mama, twende kwangu. Mpaka theluji iishe tu.”

“Nitafikiri,” Kinue akasema.

Chiharu alipokwenda kuoga, wifi yangu akanivuta karibu.

“Akitoa ubao, siendi.”

“Mwambie basi!”

“Nimemwambia mwezi mzima, wifi. Nimwambie kwa lugha gani?”

“Basi nautoa mimi. Leo hii. Nyundo iko wapi?”

Nikanyanyuka kweli. Akanishika mkono wa koti akaukaza.

“Usiutoe. Nataka atoe yeye. Wewe ukiutoa mtagombana, na nitakayekaa katikati yenu humu gizani ni mimi.” Kisha akaniachia. “Mimi kwenda kwa watu sitaki. Nina nyumba yangu. Lakini nimechoka kuamka nisijue nimeamka.”

Maneno hayo yaliniuma, na yananiuma mpaka leo. Nikavaa mabuti, nikatoka. Theluji ilikuwa inaanguka, na Tokuji alikuwa paani, kwenye ukingo wa mbele.

“Kaka! Shuka!”

“Niache, Shige, kuna barafu hapa.”

“Mkeo anakwenda Sendai!”

“Anakwenda wapi, na mguu ule?”

“Kwa mwanawe, na gari la mwanawe si hilo hapo? Ubao mmoja, kaka! Ukiutoa leo anabaki. Kasema kwa mdomo wake mwenyewe!”

Akasimama, akaegemea beleshi. Nilidhani nimemfikia. Niliona pumzi inamtoka nyeupe, na akautazama ule mlima wa theluji uliofunika dirisha, mlima wake mwenyewe, na nadhani aliona namna kazi ilivyo kubwa na siku ilivyo fupi.

“Mwambie theluji hii ikipita,” akasema.

“Hangoji tena!”

“Kangoja miaka hamsini. Atashindwa wiki moja?”

Akachota bonge jingine, akalitupa. Likaanguka kati yangu na dirisha. Nikarudi ndani nimelowa mpaka shingoni. Kinue alikuwa amesikia, tulipiga kelele kama watu wa sokoni.

Asubuhi yake redio ikasema njia ya mlimani itakuwa wazi mpaka saa sita tu, baada ya hapo inakuja dhoruba nyingine. Tingatinga lilikuwa limeshapita. Nilipovuka barabara nikakuta mkoba uko mlangoni na Kinue amevaa koti lake la kutokea, lile la rangi ya zabibu ambalo huvaliwa harusini na msibani. Tokuji alikuwa ndiyo kwanza amekaa mbele ya wali wake. Akautazama mkoba, akalitazama koti. Nilimwona anaelewa. Alikuwa ameshika vijiti vyake vya kulia hewani, na samaki yuko katikati ya safari.

Mtu mwingine angesema, “Usiende.” Neno jepesi tu hilo, halina hata mfupa. Kaka yangu akanyanyuka, akaenda bandani, akarudi na nyundo.

Akalisukuma lile dirisha la kioo pembeni, kwa ndani, na kuanza kuupiga ubao wa kati. Mbao zile hukaa kwenye mifereji ya nguzo, haziondolewi hivyo. Hutolewa kwa nje, kuanzia juu, kwa utulivu. Yeye ndiye aliyeichonga mifereji ile na anajua kuliko mtu yeyote. Alipiga mpaka ubao ukapasuka, akaung'oa vipande vipande, na theluji ikaingia.

Ikaingia tu, bonge baada ya bonge, ile ya zamani iliyoshindiliwa, rangi ya majivu. Ikajaa dirishani, ikamwagika mikekani, ikafunika mto aliokuwa anakalia mkewe. Mwanga haukuja. Tokuji akatupa nyundo, akaanza kuchimba kwa mikono.

“Subirini,” akasema. “Barabara iko hapa nyuma. Subirini kidogo.”

“Baba, njia itafungwa,” Chiharu akasema huku analia.

“Kidogo tu. Iko hapa hapa.”

Alikuwa ameingia mpaka mabegani. Vidole vilikuwa vimeshachubuka, theluji ikawa na madoa. Na kila anachokitoa, kingine kinateremka toka juu, kwa kuwa nyuma ya ile kulikuwa na theluji ya Januari nzima, yote ameitupa yeye. Kinue alikuwa amesimama mlangoni na chuma chake. Nilimtazama usoni nikitafuta hasira, nikakuta huruma, na hilo lilikuwa baya zaidi.

“Baba Chiharu,” akamwambia, “mikeka inalowa.”

Hakugeuka. Kinue akangoja kidogo. Kisha akasema, “Figili zilizoiva ziko pipa la kushoto. Usile za kulia, bado chungu. Na usilale na taa.” Akaniangalia na mimi, akanigusa shavu, akatoka na mwanawe. Nilisikia milango ya gari. Tokuji alikuwa bado anachimba.

Tulikaa mpaka mchana tukizoa theluji kwa beseni na kuimwaga jikoni. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno la kumwambia kaka yangu, nilikuwa nazoa kimya. Mwishoni akakaa chini kwenye unyevu.

“Sema basi,” akaniambia. “Sema unachotaka kusema.”

“Sina la kusema, kaka.”

Nilimfunga vidole vitambaa, nikaenda kumpikia supu.

Dhoruba ilipopita alianza kuchimba kwa nje. Alichimba siku nyingi, kidogo kidogo, anapumzika barabarani mbele ya watu wote, hajifichi tena. Akaondoa ule mlima, akatoa mbao zote za dirisha lile, akafuta kioo mpaka kikawa hakionekani. Kila asubuhi alilisafisha dirisha kwanza, mlango baadaye. Na unajua watu walisema nini? Hawakusema kitu. Hakuna aliyesema Tokuji kaisha. Mpeleka barua tu ndiye aliyepita akamwuliza, “Mzee, umefungua duka?”, na kaka akacheka kidogo, akamkaribisha chai. Hiyo ndiyo aibu aliyokuwa anaikimbia. Ilikuwa na ukubwa huo tu.

Siku hiyo hiyo akampigia simu mkewe. Masikio yake mabovu, simu yake inapiga kelele kama redio, kwa hiyo nilisikia yote.

“Nimelifungua,” akasema. “Dirisha zima, si ubao mmoja. Naona mpaka kwa Shige.”

“Vizuri, baba Chiharu. Umeona nani?”

Akafikiri. “Hajapita mtu.”

“Watapita.”

“Basi rudi uwaone.”

“Mguu bado,” Kinue akasema. “Ngoja mguu upone.”

Wazee walisema majuto ni mjukuu. Kwa kaka yangu hakungoja kuzaliwa, alikuwa ameshakaa sebuleni. Mwezi wa tatu ulipita hivyo. Aliamka, akasafisha dirisha, akakaa upande wa kotatsu aliokuwa anakaa Kinue, akatazama nje. Alianza kuniambia nani kapita. Alikuwa anakosea majina, maana maisha yake yote alikuwa akiwatazama watu toka paani. Nilikuwa namsahihisha, naye anakubali. Kaka yangu kukubali jambo! Ningecheka kama si namna alivyokuwa analishika lile jina jipya, analirudiarudia kimoyomoyo, ili jioni akampe mkewe kwenye simu.

Aprili ikaingia. Mifereji ya maji ikaanza kuimba, na kijiji kizima kikatoka na nyundo na ngazi kutoa mbao. Kwetu hiyo ni kama sikukuu. Unaingia nyumba ya mtu unaona vumbi la miezi mitano na kila mtu anapiga chafya na kucheka. Tokuji alizitoa zake zilizobaki siku moja, akazifuta, akazipanga bandani. Jioni akapiga simu.

“Mama Chiharu, huku kumekuwa kweupe nyumba nzima. Rudi sasa.”

Kinue alipojibu hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililoniambia kwamba mambo yamekwisha.

“Baba Chiharu, Aprili kila mtu anafungua. Mimi nilikuomba Januari.”

“Najua,” kaka yangu akasema. “Najua. Nilikosea.”

Sijawahi kumsikia akilisema neno hilo, si kwa baba wala kwa mwalimu wala kwangu. Alilisema vizuri, lote, bila kulikata. Na Kinue akalipokea vizuri; akasema, “Haya, yamepita.” Kisha, nadhani ili kumwondolea uzito, akaanza kumhadithia dirisha la huko Sendai. Ghorofa ya nne, kuna lifti. Chini kuna shule ya watoto wadogo, wanatoka na kofia za manjano. Kuna mzee mmoja ana mbwa anayekataa kutembea. Kila asubuhi mzee anavuta, mbwa anakaa, mzee anamwomba radhi mbele za watu. Akacheka, kile kicheko chake cha zamani, kikajaa sebule yote kupitia ile simu. Tulikuwa hatujakisikia tangu siku ile ya ngazini. Kaka alishika simu mbali kidogo na sikio, na mimi nikasikiliza pamoja naye, na tulijua sote wawili kwamba mtu anayecheka hivyo hana sababu ya kurudi.

Kinue akasema atakuja baada ya maua ya micheri. Maua yakapukutika. Akasema baada ya mpunga kupandwa. Alikuja mwezi wa nane, siku za kuwapokea wafu wa ukoo.

Tokuji alijiandaa wiki nzima. Alikata majani, akanunua tikiti maji akaliweka kwenye maji ya chemchemi, akanunua mto mpya wa kukalia. Jioni ya kwanza tuliwasha moto mdogo langoni kama desturi, ili baba na mama na mume wangu na wengine wote waione njia ya nyumbani. Asubuhi yake tukakaa sebuleni kungoja. Milango ilikuwa wazi, madirisha wazi, upepo unapita toka barabarani mpaka shambani. Gari la Chiharu likasimama.

Kinue alitembea mwenyewe, kwa fimbo. Alikuwa amekata nywele fupi za mjini, zimempendeza. Mkononi alikuwa na kisanduku cha vitamutamu kilichofungwa kwa karatasi ya dukani, kama anavyobeba mtu anayetembelea watu.

Kwetu mwenye nyumba akirudi hangoji kizingitini. Anaanza kusema toka nje kwamba karudi, anavua viatu huku anauliza mmekula nini. Kinue aliingia hivyo miaka hamsini. Hata wafu tuliowawashia moto jana yake waliingia bila kumwuliza mtu. Lakini alipofika mlangoni alisimama, akakishika kile kisanduku kwa mikono miwili, akasema:

“Hodi.”

Sidhani alikusudia. Lilimtoka, na baada ya kulisema midomo yake ilibaki wazi kidogo.

Kaka yangu alikuwa ameshanyanyuka nusu. Akanigeukia mimi, kana kwamba najua la kumwambia afanye. Kisha akajishusha tena polepole, akapiga magoti sawasawa, akaweka viganja vyake mkekani kama tunavyompokea mgeni, akainamisha kichwa.

“Karibu,” akamwambia mkewe. “Karibu ndani.”